Mkwe Wangu Chini ya Maji

23 Agosti

Leo nimekaa chini ya maji kwa mara ya kwanza na nimetoka nikiwa hai. Constantin, mwalimu wetu wa kupiga mbizi, anataka kila mwanafunzi aandike baada ya somo: kina, baridi ya maji, hewa iliyobaki mtungini. Mimi nimekuwa directrice, mwalimu mkuu, wa shule ya msingi miaka mingi mno, sipangiwi cha kuandika. Nitaandika nipendavyo.

Daktari ndiye aliyenituma kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, kwa ajili ya mgongo. Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikienda na kurudi kama bata, meno yakigongana, maana baridi ya Lubumbashi haina huruma. Hapo ndipo nilipomwona Constantin akishuka na wazungu wawili wa mgodini, mitungi ya hewa mgongoni, wakakaa sakafuni kabisa kama watu wanaongoja zamu kwa daktari. Alipotoka nikamuuliza wale wanajifunza ili waende wapi.

"Mulonde, Maman," akasema. "Kule mayi iko clair, unaona mpaka chini."

Nikashika ukingo wa bwawa. Mulonde ni machimbo ya chokaa ambako marehemu mume wangu, Élie, alikuwa akipima malori. Kampuni ilipofunga, pampu zilizimwa, maji yakapanda yakafunika kila kitu, hata kibanda chake cha matofali kando ya mzani. Nilimjulia Élie kwenye dirisha la kibanda hicho. Nilikuwa msichana, nampelekea chakula kutoka kwa shangazi yangu aliyekuwa akipikia wafanyakazi, na yeye kila akirudisha bakuli alisema lile lile: chumvi kidogo. Nilikubali anioe nipate kumnyamazisha, sikufaulu. Aliilalamikia chumvi hadi mwaka aliokufa. Huu ni mwaka wa nne sasa hakuna anayelalamika mezani kwangu, na chakula hakina ladha.

Nikamuuliza Constantin kama kibanda bado kipo. Akasema kuta zimesimama, amekiona. Nikamwambia nataka kukiona na mimi. Alinitazama, mama wa miaka hamsini na sita mwenye kofia ya plastiki kichwani, wala hakucheka.

"Basi tuanze sasa," akasema. "Mvua ikianza, bulongo yote inashuka mule, mayi inakuwa chai ya maziwa. Na mwaka yenye kuya, compagnie mupya inaleta mapampu, inatoa mayi yote, inavunja kila kintu."

Kwa hiyo nina muda hadi mvua. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

27 Agosti

Nimekunywa maji ya bwawa. Yana ladha ya Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo.

30 Agosti

Kanuni ya kwanza ya Constantin: usizuie pumzi. Kamwe. Mtu akizuia pumzi huku anapanda, hewa inavimba kifuani na kumpasua. Vuta, toa, vuta, toa, hata ukiogopa, hasa ukiogopa. Ni rahisi kusema. Mwili wangu ukiona maji unafunga milango yote. Leo amenikaripia kwa vidole tu, chini kule, na nimeona haya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kanuni ya pili: hakuna anayeshuka peke yake. Kila mtu ana mwenzake, anaitwa binôme. Mnatazamana muda wote, na mmoja akiishiwa hewa mwingine anampa ya kwake. Wazungu wawili ni binôme wao kwa wao na wamekwisha kumaliza masomo. Mimi sina mtu.

"Tafuta muntu, Maman Directrice," akasema Constantin. "Miye niko mwalimu, siwezi kuwa binôme. Bila binôme, Mulonde haiko."

Jioni nikaenda Annexe, pembeni mwa mji, kwa dada yangu Mujinga (ni jina la kwetu, si tusi), mwenye shamba la mahindi. Nimemkuta anachoma majani makavu, shamba tayari kwa kupanda.

"Miye? Mu mayi?" akasema. "Mamba muntu akushike weye peke yako!" Mamba muntu ni yule mwanamke nusu samaki ambaye nusu ya mji huu imemtundika sebuleni, amechorwa na nywele ndefu na saa mkononi. "Mi niko naomba Mungu mvua ifike mbio."

"Na mimi namuomba ichelewe."

"Basi tutaona anamupenda nani."

3 Septemba

Nimekula kwa binti yangu Gaëlle. Ana mimba ya miezi mitano na tumbo limeanza kutangulia mlangoni. Nimemweleza shida yangu nikidhani atanihurumia tu.

"Miye siwezi kuingia mu mayi na hii tumbo," akasema. "Chukua Kangwa."

"Kangwa nani?"

"Bwana yangu, Mama! Uko na Kangwa mwingine?"

Nilidhani anatania. Hakutania. Anasema hataki nishuke na mtu asiye wa nyumbani, na kama mumewe hayupo atakuja mwenyewe kukaa ukingoni na tumbo lake, akilia, hadi watu wa hoteli wanifukuze.

5 Septemba

Sikulala vizuri, basi niandike wazi. Kangwa ni mume wa Gaëlle kwa miaka mitatu sasa. Anatengeneza simu mjini. Ni mtu wa Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, sisi ni watu wa Kasai, na nilipoambiwa habari zake sikushangilia. Nilitaka mwanasheria. Hajanikosea neno, kwa sababu hajaniambia neno. Huo ndio bukwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hamgusi hata mkono. Akifika kwangu anachuchumaa mbali, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, anasalimia ardhi, kisha anapelekewa sahani yake nyuma ya nyumba. Mimi pia nikitaka kumsemesha napiga makofi kwanza, ili ajue nipo asije akageuka ghafla. Ni heshima, na mimi naipenda heshima. Ila huwezi kujua kama mtu ni mwema kwa kutazama utosi wake miaka mitatu.

Na sasa huyo ndiye nitazamane naye muda wote.

6 Septemba

Amekuja. Alichuchumaa nyuma ya viti vya plastiki vya hoteli na kupiga makofi, nami nikajibu makofi. Wahudumu wakatutazama.

Kisha lile nililokuwa naliogopa: mavazi. Nina vazi jeusi la mpira, linafunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, lakini linabana, na mama mkwe hawezi kubanwa hivyo mbele ya mkwe wake. Nikajifunga pagne, kitenge changu, juu yake na kuingia nayo majini. Ilipanda ikanifunika kichwa.

"Maman Directrice," akaita Constantin, "pagne itaingia mu mapezi, utafungika sawa kuku ya soko!"

Nikaivua nikiwa ndani ya maji na kuitupa ukingoni. Kangwa alikuwa amegeuza uso kuelekea ukuta wa mabafu muda wote huo. Hakugeuka mpaka alipoambiwa.

13 Septemba

Nilidhani mtu wa Kilwa atakuwa samaki. Leo kaingiza kichwa majini, katoka, kaenda kutapika kwenye maua. Anaogelea vizuri sana juu juu, lakini hajapata kufumbua macho chini ya maji maisha yake yote. Constantin akamuuliza sababu.

"Kwetu banafundisha mutoto kukaa juu ya mayi," akasema. "Ule mwenye kwenda chini, banalia kilio yake."

Nilikuwa nimekaa kwa upande, nikijifanya kufunga mkanda wa pezi. Aliposema hivyo nilijisikia vibaya. Alirudi majini, akaingiza kichwa tena, na tena.

14 Septemba

Kanisani tumeombea mvua. Amina yangu ilichelewa kidogo. Mujinga alinikanyaga mguu.

20 Septemba

Joto. Maembe yanaanza kuvimba mitini. Hakuna wingu.

27 Septemba

Somo la kugawana hewa. Kila mtu ana kinywa cha hewa anachouma, kinaitwa détendeur, na kifuani ana cha pili, cha njano, kwa ajili ya mwenzake. Mwenzako akiishiwa anapitisha kiganja shingoni kama anayechinja, unamtazama, anachukua cha njano kifuani pako, mnashikana mikono na kupanda taratibu.

Nilisoma mpango huu mara moja tu nikaona pasipowezekana: mkono wangu kifuani pa mkwe. Kangwa alikuwa anatazama vigae. Constantin naye mama yake yupo, ana wakwe, anaelewa. Akajikuna shingo, akasema basi kila mmoja afanye zoezi na yeye. Mimi nikachukua cha njano kifuani pa Constantin, Kangwa naye hivyo hivyo, sote tukafaulu. Tukafurahi kwa kuokoa heshima.

4 Oktoba

Kangwa anashuka bila kutapika siku hizi. Chini kule anakaa upande wangu wa kulia, uso pembeni, lakini kila nikisogea naye yupo. Sijui ananionaje. Nilimwambia Gaëlle mumewe ana bidii. Gaëlle akadondosha mwiko.

7 Oktoba

Wingu moja upande wa Likasi. Nimelitazama hadi likaondoka.

11 Oktoba

Mwandiko wa leo ni mbaya, wasomaji wa maandishi haya, kama wapo, wanisamehe.

Tulifika Mulonde asubuhi kwa gari la Constantin. Sikuwa nimepaona tangu pampu zizimwe. Kuta nyeupe za chokaa zinashuka kama ngazi kubwa, na pale palipokuwa barabara ya malori pana maji ya kijani, yametulia, unaona mawe chini. Nilijua kabisa kibanda kiko upande gani. Constantin akasema leo hatuendi kwenye kibanda, leo tunazoea baridi na giza, ngazi ya kwanza tu. Nikakubali kama mwanafunzi mwema.

Tukashuka. Constantin nyuma yetu, juu kidogo, mimi kushoto, Kangwa kulia. Nilikuwa napumua vizuri. Naandika hili ili lijulikane. Niliona samaki wadogo, nikaona waya wa chuma umevaa chokaa kama sukari. Kisha nikavuta pumzi na yakaja maji.

Baadaye Constantin alinionyesha: kile kifungo kidogo cha plastiki kinachoshika mpira wa mdomoni kilikuwa kimekatika. Mpira ulibaki katika meno yangu, détendeur yenyewe ikaanguka ikining'inia nyuma ya bega, inamwaga hewa yote kwa mapovu. Mimi nauma mpira mtupu.

Cha njano changu mwenyewe kilikuwa kifuani pangu. Nilisahau kwamba nina kifua. Nilimkumbuka Kangwa tu. Nikapitisha kiganja shingoni. Alikuwa ametazama mbele, uso pembeni, kwa heshima yake yote. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika begani. Sikumshika. Na Mungu wangu ndiye shahidi, nilichofanya ni hiki: nikakunja viganja nikampigia makofi.

Nikapiga tena. Chini ya maji makofi hayalii. Mikono inakutana kama mito miwili ya kulalia. Nilijua hayalii na bado nikapiga mara nyingine, kwa sababu mikono yangu haikujua njia nyingine ya kumwita mkwe. Kifua kiliungua. Nikaona miguu yangu imeanza kupiga kwenda juu yenyewe.

Mkono ulinishika mkanda. Constantin. Akasukuma cha njano chake mdomoni mwangu, akabonyeza, nikakohoa, nikavuta. Hewa. Ndipo Kangwa alipogeuka. Tulipanda taratibu, Constantin akiwa ameninyooshea kidole mbele ya miwani: toa pumzi, toa, toa.

Juu ya jiwe nililia. Kangwa alikaa mbali, kichwa katikati ya magoti.

"Maman Directrice," Constantin akaniuliza, sauti ya chini, "ulikuwa napiga makofi?"

"Nilikuwa namuita."

"Chini ya mayi?"

Akavua mapezi yake, akayapiga juu ya jiwe.

"Kosa ni yangu," akasema. "Ile siku ya zoezi, nilionea bukwe yenu haya. Nilitaka kuwa mutoto muzuri. Sasa ningepeleka maiti kwa Gaëlle. Sitabarudisha huku, ata mukinipigia magoti. Mpaka siku mutaangaliana mu macho."

12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Kifua kinauma.

14 Oktoba

Kangwa amekuja peke yake. Hajapata kufanya hivyo. Alisimama nje ya lango, akaongea na lango.

"Mama, nilikuwa nakuchunga," akasema. "Sikukuangalia ku uso, niliangalia mapovu yako. Kila siku naangalia mapovu. Yakitoka, najua Mama iko napumua. Ile siku yalitoka mengi. Nikasema mu roho: leo Mama anapumua muzuri."

Nilisikia anavuta kamasi.

"Yalikuwa ya bure," akasema. "Na miye nilikuwa nafurahi."

Nikapiga makofi ndani ya lango ili ajue nimesikia. Kisha nikaona upumbavu wa makofi hayo, nikasema kwa mdomo: "Mukwe, haukunikosea. Sisi bote tulikosea." Aliondoka. Nimekaa uani nikifikiria majuma yote ambayo mtu huyu, anayeogopa maji kuliko mimi, alikaa chini akihesabu pumzi zangu kwa macho. Mimi nilikuwa nimemhesabia kwamba si mwanasheria.

15 Oktoba

Mawingu mchana kutwa. Upepo wa vumbi. Haikunyesha.

17 Oktoba

Nilikwenda kwa Mujinga kumwambia nimekata tamaa, nilie kidogo, nirudi. Alikuwa anapepeta mbegu. Kwanza alinisema vizuri kuhusu mamba muntu. Kisha akasema:

"Lakini bukwe inafunguliwa. Kwani siye njo ba kwanza? Mukwe anakuja na bantu yake, na kuku yake, mama mukwe anapika, mukwe anakula mbele yake, anamuangalia. Basi. Kisha pale ni mutoto sawa batoto bengine."

Nikamwambia hilo hufanywa baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, na wa kwetu atazaliwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa kwanza Mulonde itakuwa chai ya maziwa.

"Mwite baba yake mudogo," akasema Mujinga, "tubishane naye."

Nikamkumbusha kwamba anataka mvua, haya yote yanamhusu nini. Akasema Élie ndiye aliyemlipia karo mwaka ule baba alipougua, na kwamba mahindi yanaweza kungoja juma moja, si zaidi.

22 Oktoba

Baba mdogo wa Kangwa, mzee Zéphirin, ameondoka Kilwa juu ya lori la samaki. Barabara ni mbaya. Tunangoja.

25 Oktoba

Amefika jana, vumbi hadi kwenye kope, na kuku wawili na kapu la samaki wakavu, maana mkono mtupu haulambwi. Leo wameketi sebuleni kwangu: mzee Zéphirin, Kangwa ameinama, Gaëlle na tumbo lake, Mujinga, na Constantin ambaye nilimwalika kama shahidi, amekuja na mfuko mkubwa.

Mzee akaanza vizuri, akatusalimia kwa makofi, kisha akaweka jiwe barabarani.

"Siye tunaheshimu hii nyumba," akasema. "Lakini desturi inasema mutoto azaliwe mbele. Mutoto iko wapi?"

Mujinga akanyoosha kidole kwenye tumbo la Gaëlle. "Eko pale. Anatusikia. Ao unasema ule si mutoto?"

"Ni mutoto," akasema mzee kwa uangalifu.

"Eko mu hii nyumba ao haiko?"

"Eko."

"Anakula chakula ya mama mukwe ao hakule?"

Gaëlle akasema kwa sauti kwamba anakula sana. Mzee Zéphirin akaanza kucheka, mabega kwanza, kisha yote. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," akasema, na kuku wakapokelewa.

Nilikuwa nimepika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Nikamwekea Kangwa sahani yake mezani, mbele yangu, si nyuma ya nyumba. Alimega tonge la kwanza dogo kama la mtoto. Mzee akamwambia: "Sasa angalia mama yako." Akainua kichwa.

Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Macho yake si meusi kama nilivyodhani, yana rangi ya chai. Miaka mitatu ni mkwe wangu na sikuwa najua. Nilimuuliza kovu lilitoka wapi.

"Nilianguka ku muti ya embe, Mama."

"Ulikuwa naiba?"

"Nilikuwa naiba, Mama."

Watu wakacheka, nami pia. Nikamuuliza chakula kikoje. Akasema ni kizuri sana, na niliona ni adabu tu.

Ndipo Constantin akafungua mfuko. Akatoa mtungi, na vile vinywa vya hewa, na miwani miwili, akatufanyisha zoezi pale pale sebuleni, kati ya kabati la sahani na picha ya harusi. Nikapitisha kiganja shingoni. Kangwa akanitazama, akafungua kifua. Nikaweka mkono wangu kifuani pa mkwe wangu na kuchukua cha njano. Mujinga alijifunika uso kwa kitenge, akabaki anachungulia. Tulifanya mara nyingi hadi Constantin akasema inatosha, na hadi nilipoacha kuona haya, jambo ambalo halikuja mara moja.

29 Oktoba

Imenyesha.

30 Oktoba

Imenyesha tena. Harufu ya udongo mji mzima, watoto wa shule wanacheza kwenye mifereji. Mujinga amenipigia simu anaimba. Nikakata. Kisha nikampigia nikamwambia nafurahi kwa ajili ya mahindi yake, na ni kweli, lakini nina hasira hadi kooni. Nimemkasirikia Mungu na sitaficha.

2 Novemba

Nilikwenda kaburini kwa Élie na majani ya kufagilia. Nikamweleza nilivyokaribia. Mvua ikanifukuza.

6 Novemba

Constantin amekwenda Mulonde kutazama. Anasema juu ni chai ya maziwa kweli, lakini maji ya mvua ni ya moto kuliko ya chini, kwa hiyo hayajachanganyika. Huenda chini bado ni safi. Mvua moja kubwa zaidi na imekwisha. Na lango la barabara limekwisha kuwekwa mlinzi wa kampuni mpya, amempa ruhusa ya Jumamosi tu.

Nimemuuliza Kangwa kama anakubali kupita kwenye maji asiyoona ndani yake.

"Tutashikana mikono, Mama," akasema.

8 Novemba

Jua kati ya mawingu mawili. Gaëlle alikaa garini na Mujinga, ambaye alikuja, alisema, kuangalia kama mvua imefika huku.

Constantin akatangulia na kamba. Mimi na Kangwa tukashuka tumeshikana mikono, na mara hatukuona kitu. Rangi ya kahawia mbele ya miwani, hata mkono wangu sikuuona. Nilihisi vidole vyake tu, vimebana hadi pete ya ndoa ikanikata. Vuta, toa. Kisha baridi ikatupiga usoni na tukatokea chini ya ile chai kama watu wanaotoka chini ya dari. Maji yalikuwa safi. Mwanga ulikuwa hafifu, wa kijani, lakini niliona. Kangwa alikuwa ananitazama usoni, macho makubwa ndani ya kioo. Akauliza kwa vidole: sawa? Nikajibu: sawa.

Kibanda kilikuwa hapo kwenye ngazi ya pili. Bati limekwenda, kuta zimevaa chokaa. Bamba la mzani bado liko, limeinama upande. Na dirisha. Ni dogo mno. Katika kumbukumbu yangu lilikuwa pana na Élie alijaa ndani yake, kumbe alikuwa anainama ili anione. Nilishika ukingo wake. Ndani kuna rafu ya saruji pale alipokuwa akiweka bakuli, na samaki wadogo wanaingia na kutoka. Hakuna kingine. Nilitazama kila pembe.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na chini ya maji mtu hana maneno. Nikaona mlango, fremu ya chuma tu iliyobaki, nikaona kwamba nimefika mlangoni pa mtu bila kubisha. Nikaachia mkono wa Kangwa. Nikakunja viganja, nikapiga makofi mara chache, taratibu, kama inavyopaswa. Hayakulia.

Nilipoinua macho Kangwa alikuwa amekwisha kupita ndani na kupiga magoti kwenye mchanga kando ya mlango. Alikuwa ameniona. Ananitazama usoni, na viganja vyake vilivyokunjwa vinakutana na kuachana, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni. Yake nayo hayakulia. Alinijibu mpaka nilipoacha.

Nililia ndani ya miwani. Constantin alitufundisha kuondoa maji yaliyoingia kutoka nje, haya hakutufundisha. Kangwa akaniuliza kwa vidole kama nina hewa. Nilikuwa nayo ya kutosha. Akanyoosha mkono, tukapanda.

Mvua ilianza tulipokuwa tunavua mapezi. Mujinga alitoka garini akasimama ndani yake, mikono juu.

12 Novemba

Mvua kubwa. Mujinga amepanda.

16 Novemba

Malori yenye mapampu yamekwisha kupita barabara ya Mulonde, hata mwaka haujaisha, Constantin ameyaona. Sikuuliza yalikuwa mangapi.

Gaëlle na Kangwa wamekuja kula baada ya misa. Nilipika maharagwe na bukari, tukaketi sote watatu meza moja. Kangwa alikula tonge, la pili, akaacha kutafuna. Akanitazama usoni, bila kuficha, kama Constantin alivyomfundisha.

"Mama," akasema, "chumvi iko kidogo."

Gaëlle akampiga teke chini ya meza, nililisikia. Nikasema si kitu, nikainuka kwenda jikoni. Nilishika kopo la chumvi nikasimama nalo mbele ya dirisha, mvua inapiga bati, na baada ya muda nikagundua kwamba nimezuia pumzi. Nikaitoa. Kisha nikampelekea chumvi yake.